Kurasa nane za kupaka rangi kwa Hanukkah: shajara ya mradi wa nyumbani

17 Novemba 2024: Wazo

Mwaka huu nataka watoto wangu waiseme Hanukkah, sikukuu ya Kiyahudi ya siku nane, kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza wanaieleza bila shida, na baraka za Kiebrania wanaziimba vizuri kuliko mimi. Lakini Bibi yao aliyeko Lushoto akiwauliza kwenye simu, "Huko mnasherehekea nini, wajukuu zangu?", wanajibu "mishumaa", kisha wananirudishia simu.

Tunaishi Squirrel Hill, mjini Pittsburgh, Marekani. Mimi nimekulia Usambara katika nyumba ya Walutheri. Mume wangu ni Myahudi, na watoto tunawalea Kiyahudi. Mkubwa ni binti wa miaka 7, mdogo ni mvulana wa miaka 4. Safari hii sikukuu inaanza jioni ya tarehe 25 Desemba, Krismasi yenyewe, siku ambayo simu ya Lushoto lazima iite. Nina wiki tano na siku tatu.

Mpango ni kuchora kurasa nane za kupaka rangi, kila ukurasa picha moja na maneno machache ya Kiswahili chini yake. Watakaopaka ni watoto watano: wangu wawili na watatu wa majirani. Nilitafuta kurasa kama hizo kwa Kiswahili sikupata hata moja, kwa hiyo naandika hapa kila hatua ili mzazi mwingine asianzie sifuri kama mimi.

24 Novemba: Maneno kwanza, na mtungi ulioharibu hadithi

Nilidhani kazi ni kuchora. Wiki nzima imeishia kwenye maneno.

Mengine yalikuja yenyewe. "Kinara cha taa" kimo katika kitabu cha Kutoka, na ndicho hasa kinachotajwa: kile cha dhahabu cha hema ya kukutania, kama kile kilichokuwa baadaye ndani ya Hekalu. Mafuta, utambi, mwali, hakuna shida. Kifaa cha mchezo wanachokiita dreidel ndicho kilichonisumbua. Nilikiita "kete ya kuzungusha" kwa siku mbili, hadi nikakumbuka kile kitu ambacho kaka zangu walikuwa wanachonga kwa mti na kukizungusha uwanjani hadi giza liingie. Ni pia! Dreidel ni pia yenye pande nne. Neno lilikuwa linanisubiri tangu utotoni.

Kisha mshumaa wa tisa, ule unaowashia wenzake, shamash. Maana yake ni anayehudumu. "Mtumwa" nililikataa papo hapo. "Mtumishi" lilinipeleka kanisani. Binti yangu akasema, "Kama mhudumu wa ndege?" Tumeandika "mhudumu".

Jina la sikukuu nililipewa na Mama kwenye simu bila kuomba. Nilikuwa namweleza kwamba Hanukkah ni kumbukumbu ya siku Hekalu lilipotakaswa na kurudishwa kwa Mungu. Akanikatiza: "Kumbe ndiyo Sikukuu ya Kutabaruku! Si iko Yohana kumi, Yesu anatembea hekaluni wakati wa baridi?" Nilifungua Biblia yangu, ipo. Na neno la Kiebrania hanukkah lina maana hiyohiyo ya kutabaruku. Nimeishi na sikukuu hii miaka tisa nikiieleza kwa mzunguko, kumbe mama yangu alikuwa na jina lake kwenye Biblia yake siku zote. Limekwenda kwenye jalada.

Sasa kosa. Jumamosi niliwajaribishia hadithi kwa Kiswahili kabla sijachora. Mwaka 167 K.K. mfalme wa Kigiriki, Antioko wa Nne, alilinajisi Hekalu la Yerusalemu na kuwakataza Wayahudi kushika Sheria yao. Matathia wa Modiini na wanawe wakaasi. Mwaka 164 K.K., tarehe 25 ya mwezi wa Kislevu, mwanawe Yuda Mmakabayo na wenzake wakalitabaruku upya. Walipotafuta mafuta safi ya kinara, nikasema, wakakuta mtungi mmoja tu, na mafuta yake yakawaka siku nane.

Mdogo akaniangalia. "Mtungi mzima?"

Mtungi anaoujua yeye ni ule wa Bibi, ulio kwenye kona ya jiko kule Lushoto, unaomfika kifuani. Kwake mafuta yalikuwa tele, na siku nane hazikuwa muujiza hata kidogo. Talmudi, kitabu cha mafundisho ya kale ya Kiyahudi, inasema ni chombo kidogo chenye muhuri wa Kuhani Mkuu, mafuta ya siku moja. Nimebadilisha kuwa "kichupa", na kwenye picha nimeweka mkono wa mtu ukikishika ili ukubwa wake uonekane. Siku iliyofuata alisimulia mwenyewe, akabana vidole viwili kuonyesha jinsi kilivyokuwa kidogo. Ukinakili mradi huu, usiandike mtungi.

1 Desemba: Kopi 30 zenye makosa

Nilimaliza kurasa sita, nikazipeleka duka la kopi, karatasi nene ili maka peni zisipenye upande wa pili. Kurasa sita mara watoto watano ni kopi 30, senti 25 kila moja, dola 7.50. Nilizirudisha nyumbani kwa furaha, nikazitandaza mezani. Mume wangu alipita na kikombe cha chai, akasimama.

Kosa la kwanza: kinara changu kilikuwa na matawi saba. Nilikuwa nimefuatisha picha ya kinara cha Hekalu, ambacho kweli ni saba. Kinara cha Hanukkah ni tisa: nane kwa siku nane, na kimoja cha mhudumu, ambacho lazima kikae tofauti, juu zaidi au pembeni, ili asihesabiwe pamoja na wengine. Zile nane zinakaa sawasawa, hakuna inayoinuka juu ya nyingine. Mtoto akipaka rangi kinara cha matawi saba kwa dakika ishirini, mikono yake imejifunza saba, na maelezo ya mama baadaye hayafuti kilichoingia kwa mikono.

Kosa la pili: Kiebrania kilikuwa kimegeuka. Programu niliyotumia kuchorea haijui lugha inayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, ikapanga herufi kinyume. Jina la sikukuu lilisomeka kama mtu aliyetaka kuandika "baba" akaandika "abab". Herufi nne za pia nazo zilikuwa kinyume.

Kosa la tatu liligunduliwa na binti yangu, na nafurahi kwamba ni yeye. Nilikuwa nimeandika namba 1 hadi 8 chini ya mishumaa, nikianzia kushoto kama tunavyosoma Kiswahili. Akasema, "Mama, usiku wa kwanza tunaweka kulia." Ni kweli. Mishumaa hupangwa kuanzia kulia, kila usiku mmoja unaongezwa kuelekea kushoto. Ila kuwasha huanza na ule mpya, wa kushoto, kwenda kulia. Nimewasha taa hizi miaka yote hiyo nikiwa nyuma ya bega la mtu, sikuwahi kuangalia mikono.

8 Desemba: Marekebisho

Kopi za matawi saba hazikutupwa. Zimekuwa ukurasa wa 1, "Kinara cha Hekalu", na watoto wataambiwa wahesabu saba leo, kisha tisa kwenye ukurasa wa 3. Afadhali tofauti hiyo waione kwa macho.

Ukurasa wa 3 nimeuchora upya kabisa. Mwanzoni kulikuwa na kinara kimoja kikubwa, na mtoto angepaka mwali mmoja kila usiku. Unapendeza, lakini unadanganya: mishumaa ya jana haipo leo, kila usiku huwashwa mipya yote. Sasa ukurasa una vinara vinane vidogo, safu mbili, usiku wa kwanza una mshumaa mmoja na mhudumu, wa pili miwili na mhudumu, hadi wa nane. Jumla ni mishumaa 44, idadi ileile iliyomo kwenye boksi la mishumaa ya Hanukkah linalouzwa dukani. Binti yangu alijumlisha mwenyewe, akafungua boksi, akahesabu. Alipofika 44 alipiga kelele hadi mdogo wake akaamka. (Mmoja ulikuwa umevunjika katikati. Nunua boksi mbili, au weka akiba ya mishumaa midogo ya keki.)

Herufi za Kiebrania nimeziandika kwa mkono, kubwa na zenye uwazi ndani wa kupaka rangi. Kwenye pia zinasomeka kutoka kulia: nun, gimel, hei, shin, yaani herufi za kwanza za maneno "Muujiza mkubwa ulitokea kule". Pia za nchini Israel huwa na herufi pe mahali pa shin, kwa sababu wao husema "hapa". Angalia sana nun na gimel, zinafanana. Gimel ina mguu chini. Mchezoni ukizichanganya watoto watagombana, maana nun hupati kitu na gimel unachukua vyote. Hei ni nusu, shin unaweka kimoja.

Pia yenyewe ni ukurasa wa kupaka rangi, kukata na kukunja, na hapa karatasi nene inahitajika. Ya kwanza ilianguka upande mmoja kila mara, gimel, gimel, gimel. Kijiti cha meno nilikuwa nimekipenyeza kwa kukisia. Chora mistari miwili ya kona kwa kona juu ya kifuniko, toboa inapokutana, na hakikisha ncha ya chini imetokea katikati kabisa. Tangu nifanye hivyo inazunguka vizuri na kuangukia pande zote.

Ukurasa wa vita nimeufuta. Nilikuwa nimechora Yuda na askari wa Wagiriki wakiwa na ndovu, kwa kuwa nilijua ndovu wa vita wamo katika Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo. Mdogo akapaka ndovu peke yake, na jioni alipoulizwa Hanukkah ni nini, akajibu, "Ndovu." Isitoshe vita hivyo vya ndovu vilipiganwa Hekalu likiwa limeshatabarukiwa. Badala yake nimechora watu wanafagia Hekalu, wanabeba mawe, wanapangusa kinara. Mtoto wa miaka minne anajua ufagio.

15 Desemba: Mafuta kwenye karatasi

Sehemu hii ndiyo naipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonitia hasara ya dirisha.

Kitu chenyewe: ukipaka mafuta ya kupikia nyuma ya karatasi iliyopakwa kreyoni, karatasi inapitisha mwanga kama kioo cha rangi. Sikukuu ya mafuta, picha inayong'aa kwa mafuta. Nilitaka ukurasa wa 5, "Taa dirishani", ufanywe hivyo, kwa sababu desturi ni kuweka kinara dirishani au mlangoni ili wapita njia waone na muujiza utangazwe. Katika mtaa huu, asubuhi ya Sabato ya 27 Oktoba 2018, watu 11 waliuawa wakiwa kwenye ibada katika jengo la sinagogi la Tree of Life. Desemba ikifika unatembea barabara zetu unaona taa dirisha baada ya dirisha. Nilitaka watoto wapake kitu ambacho mtu aliye nje barabarani atakiona.

Jaribio la kwanza lilikuwa kwenye kopi za karatasi nene. Mafuta yaliingia kwa mabaka, picha ikawa kama kitambaa cha kufungia maandazi, na mwanga haukupita. Karatasi nyembamba ya kawaida ya kopi, gramu 75, ndiyo inayofaa. Basi kurasa nyingine zote nimezihamishia huko, kopi za maktaba kwa senti 10.

Jaribio la pili nilimimina kijiko kizima cha chai kwa karatasi moja. Iling'aa kweli, na usiku kucha mafuta yakachuruzika kwenye ubao wa dirisha uliopakwa rangi nyeupe. Doa lipo hadi sasa, sabuni imeshindwa. Kipimo kinachofaa ni robo kijiko cha chai. Chovya pamba, sugua upande wa nyuma, pangusa kwa tishu hadi isiteleze, kisha lalisha karatasi katikati ya magazeti hadi asubuhi. Kreyoni zipakwe kwanza, kwa nguvu, kwa sababu kreyoni haishiki juu ya mafuta. Mafuta ya alizeti au ya mahindi yanatosha, usiharibu mafuta ya zeituni.

Na hili nalisisitiza: karatasi yenye mafuta na mshumaa unaowaka visikae dirisha moja. Nilikuwa nimeshazibandika juu ya mahali pa kinara, selotepu na yote, ndipo nikasimama nikaona nilichokifanya. Nikazibandua zote. Picha zimehamia dirisha la jikoni, nyuma yake taa ya umeme. Kinara kimebaki sebuleni peke yake.

18 Desemba: Lushoto

Nilituma kurasa kwa WhatsApp ili watoto wa kaka yangu nao wapake na Krismasi waonyeshane kwenye simu. Kaka alizichapa steshenari ya mjini. Jibu likaja kwa sauti ya mtoto wake: "Shangazi, mbona taa za pembeni zimekatwa?"

Karatasi ya Marekani si A4. Ya huku ni pana kwa milimita 6 na fupi kwa milimita 18, na mimi nilikuwa nimechora hadi karibu na ukingo. Mashine ya kule ikakata kulia na kushoto, na kila kinara kikapoteza nusu ya mishumaa ya mwisho. Nimepunguza michoro yote, nikaacha sentimita 2 kila upande, na sasa inatoka vizuri kwenye karatasi zote mbili. Kaka alilipia kopi mara mbili kwa sababu yangu. Nilimrudishia pesa, akazikataa, akasema nilete maandazi nikirudi likizo.

22 Desemba: Mambo mawili kabla ya kuanza

La kwanza. Mdogo alikuwa anapaka ukurasa wa kufagia Hekalu. Akachukua kreyoni ya pinki iliyofifia, ile ambayo darasani kwake wanaiita ya ngozi, akaiweka kwenye uso wa Yuda. Kisha akasita, akaweka mkono wake kando ya karatasi. "Yuda alikuwa na rangi gani, Mama?" Nikamwambia hakuna aliyemchora enzi zake, na watu wa nchi ile wanaishi juani. Nikamwambia pia kuhusu Abayudaya, Wayahudi wa karibu na Mbale nchini Uganda, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, nao usiku uleule wanawasha taa zilezile. Akachanganya kahawia mbili hadi akapata ya mkono wake. Dada yake akamwiga. Nyuso zote kwenye kurasa sasa ni mstari mwembamba tu, sikuweka kivuli chochote, ili mtoto aamue. Na pakiti ya rangi 8 haitoshi, ina kahawia moja tu. Nunua ya 24.

La pili ni la ratiba, na nilipaswa kulijua. Niliwaalika watoto wa majirani waje Jumamosi tarehe 28 mchana kupaka ukurasa wa siku hiyo. Mama yao akanijibu kwa upole sana: "Asante, watakuja, ila Sabato hatuandiki wala hatupaki rangi." Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inaorodhesha kazi 39 zisizofanywa siku ya Sabato, na kutia rangi na kuandika zimo. Sisi nyumbani hatushiki kiasi hicho, kwa hiyo mpango wangu wa "ukurasa mmoja kila siku" haukuwa umefikiria nyumba ya jirani. Hanukkah ni siku nane, lazima Sabato iwemo, haikwepeki. Nimeipanga hivi: Ijumaa kurasa mbili, zote ziishe kabla ya saa kumi jioni. Jumamosi mchana hakuna kreyoni mezani hata kwa wangu, kuna pia ya mbao na bakuli la karanga.

25 Desemba: Usiku wa kwanza

Saa tatu asubuhi kwetu, saa kumi na moja jioni Lushoto. Wametoka kanisani zamani, wameshakula pilau.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba wajukuu zangu. Haya, nionyesheni."

Binti alishika jalada, akasoma: "Sikukuu ya Kutabaruku." Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Soma tena." Mdogo akaonyesha kichupa, vidole vimebanwa. Akasimulia hadithi yote, akaruka Antioko, akaruka Matathia, akafika kwenye mafuta: "Yalikuwa ya siku moja, Bibi, yakawaka nane." Upande wa pili watoto wa kaka wakainua vinara vyao. Vyao ni vya kijani na zambarau, vyetu vya buluu, kwa sababu huku kila mapambo ya Hanukkah dukani ni buluu na nyeupe. Sikuwaambia wenzao wa Lushoto chochote kuhusu buluu, na sitawaambia. Zambarau yao inapendeza.

Jioni tuliwasha. Mdogo alitaka apake vinara vyote vinane kwa mkupuo mmoja. Badala ya kumkatalia nilimwambia kwamba palikuwa na watu waliofikiri karibu hivyo: wafuasi wa Shamai, mwalimu wa kale wa Kiyahudi, walisema tuanze na taa nane tupunguze moja kila usiku, wa mwenzake Hileli wakasema tuanze na moja tuongeze, kwa kuwa katika mambo matakatifu mtu huongeza, hapunguzi. Akafikiri. "Mimi Shamai," akasema. Lakini alipaka kimoja tu.

28 Desemba: Sabato imepita

Ijumaa ilikuwa mbio. Jua huku linazama karibu saa kumi na moja jioni, na taa za Hanukkah lazima ziwashwe kabla ya zile za Sabato. Kurasa mbili kwa siku moja ni nyingi kwa wa miaka minne. Ya pili, ya kukaanga chapati za viazi na maandazi, aliipaka rangi moja yote, njano. Nilipomuuliza akasema ni mafuta. Sina la kusahihisha hapo.

Jumamosi mchana wamecheza pia kwa karanga saa mbili bila ugomvi. Jioni, nyota zilipotokea, mtoto wa jirani mwenyewe ndiye aliyeomba kreyoni.

1 Januari 2025: Usiku wa nane

Ukurasa wa 8 hauna mchoro. Nilichukua zile kopi nene zilizokosewa, nikatumia migongo yake mitupu. Nilichora miali nane kwa ule mshumaa uliovunjika, mweupe juu ya nyeupe, haionekani. Watoto wakapaka rangi za maji juu yake. Nta inakataa maji, miali ikajitokeza yenyewe.

Ya kwanza ilishindikana kwa sababu mbili: rangi ilikuwa nzito ikafunika nta, na mshumaa niliupitisha kwa woga. Bonyeza kwa nguvu, pitisha mara mbili, na rangi iwe nyepesi kama chai isiyo na maziwa. Binti alielewa mara moja ni nta. Mdogo alirudi nyuma hatua moja, akaniita nije nione.

Mishumaa 44 ya ukurasa wa 3 hakuimaliza. Amepaka miali tu, nguzo zimebaki nyeupe. Kwa mtoto wa umri wake nimetengeneza toleo lenye miali mikubwa na nguzo nyeusi tayari.

5 Januari: Gharama na yaliyobaki

Kopi nene za kwanza dola 7.50, kopi 25 za maktaba dola 2.50, pia tano kwenye karatasi nene dola 1.25, pakiti mbili za kreyoni dola 4, rangi za maji dola 3. Jumla dola 18.25, mbali na mishumaa na kopi za Lushoto. Kama ningemwonyesha mtu kabla ya kwenda duka la kopi, ingekuwa karibu dola 11. Muda sikuupima, ila karibu kila Jumapili jioni kuanzia Novemba ilikwenda huko.

Bado sijaridhika na maneno ya ukurasa wa 6. Nimeandika "chapati za viazi", lakini Mama alipoona picha alisema hizo ni katlesi zilizolaliwa. Natafuta neno zuri zaidi. Rangi ya ubao wa dirisha nitanunua joto likirudi.

Hanukkah ijayo inaanza jioni ya Jumapili, 14 Desemba 2025. Ijumaa itaangukia usiku wa sita, kwa hiyo ni ukurasa wa 6 na wa 7 vitakavyofanywa pamoja, na ukurasa wa kukaanga nimeshausogeza hadi usiku wa pili. Kaka ameomba kopi tano zaidi kwa ajili ya watoto wa jirani yake. Zote ni A4.